Ngao Isiyoshikwa na Mtu

Jumamosi moja katika kikao chetu cha kusomeana kazi, mwenzetu mmoja alileta nakala ya ukurasa wa kitabu cha kale cha Mexico. Tukaizunguka meza. Kulikuwa na tai juu ya mpungate, mpungate juu ya jiwe, na chini ya jiwe ngao ya duara yenye mikuki nyuma yake. Mmoja akasema, "Picha nzuri, lakini maandishi yako wapi?" Mwingine akadakia, "Hawa jamaa hawakuwa na maandishi, walikuwa na michoro tu." Basi ubishi ukaanza hapo, na chai ikapoa bila mtu kuigusa.

Makala haya ni jibu langu kwa wenzangu wale, maana siku ile nilishindwa kujieleza. Ninadai mambo mawili. Kwanza, ngao ile ni neno, si pambo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, neno lile liliendelea kuandikwa na watu ambao ngao zenyewe walikwisha kunyang'anywa, na mikononi mwao likapewa kazi mpya. Anayeisoma kama pambo haoni kazi hiyo, na wala hamwoni mwandishi wake.

Kitabu chenyewe

Ukurasa ule umetoka katika kitabu kinachoitwa Codex Mendoza. Kimepewa jina la Antonio de Mendoza, mtawala mkuu wa kwanza aliyewekwa na mfalme wa Hispania katika nchi ya Mexico. Kilichorwa karibu na mwaka 1541, yaani miaka ishirini baada ya mji wa Tenochtitlan kuanguka tarehe 13 Agosti 1521. Waliochora ni Wanahua, wenyeji wanaosema lugha ya Kinahuatl. Karatasi ni ya Ulaya, na pembeni mwa picha kuna maelezo ya Kihispania. Mhispania aliyeyaandika maelezo hayo anajitetea kwamba alipewa siku 10 tu kabla meli hazijang'oa nanga, kwa hiyo asamehewe kama mtindo wake haukukaa sawa. Waandishi tunalijua sana hilo: mhariri anataka kazi kesho!

Kitabu hakikumfikia mfalme aliyekusudiwa. Kiliangukia mikononi mwa Wafaransa, na mwaka 1553 André Thevet, mtaalamu wa jiografia katika jumba la mfalme wa Ufaransa, alikuwa ameshaandika jina lake ndani yake. Kikavuka tena bahari hadi Uingereza, na tangu mwaka 1659 kimo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili ya msomaji wa mbali, msomaji mwenye nguvu, na asiyejua lugha ya mchoraji. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Mshale na ngao

Sasa tuje kwenye neno. Kinahuatl kina tabia ambayo hata sisi tunayo. Tukisema mtu amelitafuta jambo "kwa udi na uvumba", hakuna anayekwenda dukani kuuliza bei ya udi. Maneno mawili yamekaa pamoja yakazaa maana ya tatu. Ndivyo ilivyo kwa Wanahua wanaposema *in mitl in chimalli*, yaani "mshale, ngao". Mtu anayasikia maneno mawili, lakini anachoelewa ni kimoja: vita. Wanao usemi mwingine wa aina hiyo hiyo, *atl tlachinolli*, "maji, shamba lililoungua", nao pia maana yake ni vita.

Hebu rudi kwenye ukurasa wetu. Mchoraji ameweka ngao, na nyuma ya ngao silaha za kurusha. Hakuna mkono unaozishika wala askari anayezibeba. Zimekaa peke yake chini ya jiwe la mji. Je, mchoraji alisahau kumchora askari? Hapana. Chini ya ukurasa huo huo amewachora askari wakipigana, wakiteka miji ya Colhuacan na Tenayuca, kila mmoja na ngao yake mkononi na hekalu la adui likiungua. Anajua kuchora mtu mwenye ngao vizuri kabisa. Ile ya katikati ameiacha bila mtu kwa makusudi, kwa sababu pale haandiki kifaa, anaandika usemi. Anatamka kwamba mji huu umesimama juu ya vita.

Kipimo changu basi ni hiki, na kila msomaji anaweza kukitumia: tafuta ngao isiyoshikwa na mtu. Ngao iliyo mkononi mwa askari ni silaha. Ngao iliyosimama peke yake mara nyingi ni neno, na neno husomwa.

Kuna watakaosema kwamba ishara moja haifanyi mfumo wa maandishi. Sawa, lakini ngao haikuwa peke yake. Wanahua walitumia picha za vitu kuandika hata sauti. Meno huitwa *tlantli*, kwa hiyo picha ya meno iliandika *-tlan*, mwisho wa majina ya miji mingi. Bendera huitwa *pantli*, nayo iliandika *-pan*. Mwaka 2008 mtaalamu wa Hispania, Alfonso Lacadena, alitoa hoja kwamba mfumo huo ulikuwa na ishara za silabi zilizotumika kwa utaratibu kuliko watu walivyodhani. Ubishi wa wataalamu unaendelea, lakini ule usemi wa "michoro tu" umeshachakaa.

Ngao mbili katika ukurasa mmoja

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika kitabu hicho hicho, kwenye ukurasa wa mtawala wa tatu wa Tenochtitlan, Chimalpopoca. Jina lake maana yake ni "ngao inayofuka moshi". Nyuma ya kichwa chake mchoraji ameweka ngao yenye moshi unaojikunja. Mbele yake, kama ilivyo mbele ya watawala wenzake, ameweka ngao na silaha za kurusha: vita. Halafu inafuata miji aliyoiteka, kila mmoja na hekalu linaloanguka na kuwaka moto.

Ukurasa mmoja una ngao mbili, na zote hazikushikwa na mtu. Moja inasomwa "Chimalpopoca", nyingine inasomwa "alipigana vita". Kama ngao ingekuwa pambo tu, mchoraji angekuwa amejirudia ovyo. Lakini hakujirudia. Ametunga sentensi: fulani alipiga vita, akateka hapa na hapa. Kwangu mimi hii ni kazi ya fasihi, na ina ubanifu wa maneno ambao wengi wetu tunaotunga mashairi tungeuonea wivu.

Jambo jingine la kuangalia ni sehemu ya pili ya kitabu, iliyoorodhesha kodi ambayo miji iliyotekwa ililipa. Huko ngao zimejaa ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na mavazi ya askari yaliyotengenezwa kwa manyoya ya ndege. Juu ya vitu vinavyolipwa kuna alama za hesabu: bendera ni 20, alama inayofanana na unyoya au unywele ni 400, mfuko ni 8,000. Hapa ngao si usemi tena, ni bidhaa katika daftari. Mchoraji yule yule, kitabu kile kile, na ngao imebadilika maana kwa sababu imebadilishiwa mahali. Mjumbe wa kikao chetu aliyesema "picha ni picha" naomba alifikirie hilo.

Lawama yangu kwa kitabu hiki

Nisije nikaonekana mshabiki tu. Codex Mendoza kina kasoro kubwa, na kasoro hiyo inahusu ngao zile zile. Katika historia yake ya vita, watawala wa Tenochtitlan hawashindwi. Orodha inapita kwa Acamapichtli hadi kwa Moctezuma, ushindi juu ya ushindi, mahekalu ya wengine yanaungua. Halafu kimya. Hakuna hata picha moja ya mji kuzingirwa mwaka 1521. Hekalu la Tenochtitlan lenyewe haliungui katika kitabu hiki.

Ni aibu? Ni woga? Au ni ujanja? Mimi naona ni mchanganyiko. Mchoraji alikuwa anamwandikia mfalme wa washindi. Kumchorea kushindwa kwake mwenyewe kungekuwa kumwambia anayoyajua na kujidhalilisha bure. Akachagua kumwambia asiyoyajua: kwamba waliokuwapo kabla yake walikuwa na dola, hesabu na historia. Ngao mbele ya kila mtawala ni hoja, inasema "sisi tulikuwa watawala halali". Naielewa hoja hiyo, lakini gharama yake ni kubwa. Waliotekwa na Tenochtitlan, wale ambao mahekalu yao yanaungua, wanabaki kuwa majina ya miji tu. Ngao ya mtawala ina sauti, wao hawana.

Aliyetaka kushindwa kuandikwe alingoja hadi kazi ya Fransisko mmoja, Bernardino de Sahagún, na wasomi wa Kinahua waliofanya naye kazi. Kitabu chao kikubwa cha juzuu 12, kinachoitwa Codex ya Florence kwa sababu kimehifadhiwa huko, kilikamilika mwaka 1577. Cha 12 kinasimulia vita ya Wahispania kwa Kinahuatl. Kuna tukio moja pale ambalo haliniondoki. Mji umekwisha kuzingirwa na njaa inaua. Cuauhtemoc, mtawala wa mwisho, anamvika askari mmoja vazi la bundi la manyoya ya thamani lililokuwa la baba yake, Ahuitzotl, na kumtuma vitani. Maadui wanashtuka. Lakini mji unaanguka tu. Vazi la baba halikutosha. Mwandishi wa habari hiyo hakuficha fahari ya vazi, na hakuficha kwamba halikuokoa mtu. Picha za juzuu hiyo nyingi zimeachwa bila rangi, na miaka hiyo gonjwa kubwa lililoanza mwaka 1576 lilikuwa linawamaliza wenyeji. Walikuwa wanaandika huku wanazikana.

Na ngao halisi?

Zile za manyoya, ambazo mafundi walizitengeneza kabla ya vita, zilipelekwa Ulaya kama zawadi na nyara tangu mwanzo. Mchoraji Albrecht Dürer aliviona vitu vya Mexico mjini Brussels mwaka 1520, zikiwamo silaha, akastaajabu. Leo ngao za manyoya za aina hiyo zinazojulikana kubaki ni nne: mbili Stuttgart, moja Vienna, na moja Mexico kwenyewe, nayo ilirudishwa katika karne ya 19 ikitokea Vienna. Ile iliyobaki Vienna ina mnyama mwenye kucha, na kinywani mwake kunatoka ule usemi wetu wa maji na moto, yaani vita. Hata ngao yenyewe ilikuwa imeandikwa!

Hesabu hiyo ya nne inatosha kueleza kwa nini napigania jambo hili. Kifaa kimekwisha. Kilichobaki ni neno lake kwenye karatasi na nguo, na tukikataa kulisoma kama neno tunakuwa tumeimaliza ile iliyobaki.

Wasaliti, au watu wenye madai?

Hapa ndipo kikao chetu kiligombana kweli kweli. Kuna picha nyingine iliyochorwa kwenye kitambaa cha pamba chenye upana wa zaidi ya mita 3, Lienzo de Quauhquechollan, ya miaka ya 1530. Inaonyesha watu wa mji wa Quauhquechollan wakiandamana na Jorge de Alvarado kuivamia Guatemala tangu mwaka 1527. Wamevaa mavazi yao ya vita na wana ngao zao, lakini makapteni wao wameshika panga za chuma za Kihispania, na ngozi zao zimepakwa rangi nyeupe kama ya Wahispania. Wamaya wanaowapiga wamepakwa rangi ya giza zaidi. Mwaka 2004 mtafiti Florine Asselbergs alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba nchi iliyochorwa pale ni Guatemala. Kabla ya hapo picha hiyo ilisomwa kama habari za nyumbani kwao tu.

Kuna pia Lienzo de Tlaxcala, ya karibu na mwaka 1552. Baraza la mji wa Tlaxcala lilijadili mwaka huo habari ya kumpelekea Kaizari Charles V michoro ya vita walivyopigana upande wa Wahispania. Nakala asili imepotea, tunazijua nakala zake. Humo nako askari wa Tlaxcala wanatangulia na ngao na nembo zao mgongoni, bega kwa bega na wapanda farasi.

Mwenzetu mmoja alisema kwa hasira: "Hawa ni vibaraka. Wamebeba ngao zao kwenda kuwasaidia wageni kuua watu weusi wenzao wa kule." Nilinyamaza siku ile. Leo namjibu hivi. Hasira yako ni ya haki, hasa kuhusu zile rangi za ngozi. Mchoraji aliyempaka mwenzake rangi ya mshindi ametuachia ushahidi mchungu, na mhakiki asiufunike. Lakini jiulize kwa nini alichora. Watu hawa hawakujiona taifa moja na Wamaya, wala na Tenochtitlan. Walijiona miji, kila mmoja na ngao yake. Walipigana wakiahidiwa, na ahadi hazikutimizwa. Mwaka 1564 wenyeji wa Mexico waliobaki Guatemala baada ya kupigana kule walifungua madai wakitaka waondolewe kodi, kwa kuwa walikuja kama washindi na sasa wanatozwa kama walioshindwa.

Ukiisoma ngao ya Tlaxcala au ya Quauhquechollan ukiwa na habari hizo, inageuka. Kwa mtawala wa Tenochtitlan ngao ilisema "vita". Kwa hawa inasema "tulikuwapo, tulipigana, tulipeni". Imekuwa hati ya madai. Silaha iliyotengenezwa kukinga mwili sasa inakinga haki ya mtu mbele ya karani. Kuliona hilo si kumsamehe mtu. Nasema tu kwamba neno "kibaraka" linafunga mjadala mapema mno, kabla hatujamsikia mwenye ngao anadai nini.

Ngao juu ya kichwa cha mlipa kodi

Nimalizie na kitabu kisicho na utukufu wowote. Mwaka 1560 watu wa Huexotzinco walihesabiwa kwa ajili ya kodi. Daftari lao, Matrícula de Huexotzinco, liko Paris. Ni safu za vichwa vya watu, ukurasa baada ya ukurasa, na karibu na kila kichwa kuna picha ya jina lake. Wengi walikuwa na jina la ubatizo la Kihispania, Juan au Pedro, likifuatiwa na la Kinahuatl. Miongoni mwao wamo wenye jina Yaotl, yaani mpiganaji au adui, na namna moja ya kuliandika ni ngao pamoja na rungu la mbao lenye makali ya mawe meusi.

Mfikirie mtu huyo. Pengine ni mkulima, na hajawahi kushika ngao. Miaka karibu arobaini imepita tangu vita ile. Anasimama mbele ya mhesabuji, anatoa jina, na mchoraji anamwekea ngao juu ya kichwa. Haikingi chochote, hata kodi haipungui. Lakini bila ngao ile angekuwa Juan mmoja katika kundi la akina Juan. Ngao ndiyo inayosema Juan yupi.

Jina la namna hiyo lilidumu hata picha zilipoacha kuchorwa. Mwandishi mkubwa wa historia kwa Kinahuatl katika karne ya 17, aliyezaliwa mwaka 1579 huko Amecameca, Chalco, aliandika kwa herufi tu, kwa wino, mjini Mexico. Katika jina lake refu la Kikristo na la wazee wake alitia neno Chimalpahin, linalofasiriwa "aliyekimbia na ngao". Aliandika majina ya watawala, vita, magonjwa na matetemeko, katika lugha ambayo wakubwa wa zama zake hawakuihitaji.

Wenzangu wa kikao cha Jumamosi, hilo ndilo jibu langu. Mlitaka kujua maandishi yako wapi. Yapo pale chini ya jiwe, hayajashikwa na mtu. Mwenye hoja tofauti aje nayo kikao kijacho, ila safari hii tunywe chai kwanza.